Kuipekua nambari 1,208,333 kwa kalamu na karatasi: mwongozo kamili

Nambari 1,208,333 ni idadi ya watu waliohesabiwa kaunti ya Mombasa kwenye sensa ya usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019. Wanasiasa huitaja wakigombania bajeti, na madalali wa viwanja huitaja wakipandisha bei. Mimi huiandika ubaoni. Nafundisha hesabu jioni, tuisheni ya vijana wa sekondari huku Majengo, na kila muhula ukianza naiandika, naweka chaki chini, nawauliza: nambari hii ina tabia gani? Hukaa kimya, mpaka mmoja ajitoe mhanga: "Mwalimu, ni kubwa."

Haya, ni kubwa. Nini tena? Hapo ndipo kazi inapoanza, na mwongozo huu ni ile kazi yenyewe, kwa mpangilio ninaoufuata darasani. Unahitaji daftari la mraba, kalamu, na subira ya mtu anayengoja feri ya Likoni Jumatatu asubuhi. Kalkuleta ya simu iweke mbali mpaka hatua ya nne.

Hatua ya 1: Isome kwa sauti

Wengi hurukia kugawanya kabla hawajaisoma. Isome: milioni moja, laki mbili na elfu nane, mia tatu thelathini na tatu.

Nimesema laki makusudi. Redioni utasikia "milioni moja, elfu mia mbili na nane, mia tatu thelathini na tatu", na pale katikati pana mtego. "Elfu mia mbili na nane" ni 208,000 au ni 200,008? Sikio halijui mpaka lisikie kinachofuata, na wakati mwingine hakifuati kitu. Wapo wanaojinasua kwa kugeuza maneno, "mia mbili na nane elfu". Wazee wa Mji wa Kale hawana taabu hiyo, kwao laki ni laki, elfu mia, na mazungumzo yanaendelea. Kwenye daftari za wanafunzi wangu laki ni lazima.

Mikato nayo ina kazi. Imeikata nambari yetu vifungu vitatu: 1, 208 na 333. Vikumbuke hivyo vifungu, vitatufaa sana hatua ya tatu.

Kama unataka kuonja ukubwa wake, hesabu moja kila sekunde, bila kulala wala kula. Siku 14 zina sekunde 1,209,600, kwa hivyo ungemaliza dakika 21 na sekunde 7 kabla wiki mbili hazijatimia. (Ukweli ni kwamba "laki saba na elfu sabini na saba, mia saba sabini na saba" haitamkiki kwa sekunde moja, hata na mtangazaji wa mpira. Lakini umepata picha.)

Hatua ya 2: Hakikisha ndiyo yenyewe

Hakuna uchungu kama kuipekua nambari kwa saa mbili kisha ukagundua uliinakili vibaya. Yetu ina bahati, kwa sababu ni jumla ya kaunti ndogo sita:

Changamwe 131,882
Jomvu 163,415
Kisauni 291,930
Likoni 250,358
Mvita 154,171
Nyali 216,577

Unaweza kuzijumlisha zote, na ufanye hivyo. Lakini kuna ukaguzi wa haraka unaoitwa kutupa tisa. Jumlisha tarakimu za kila nambari mpaka ibaki tarakimu moja. Changamwe: 1+3+1+8+8+2 ni 23, na 2+3 ni 5. Ukiendelea hivyo Jomvu inatoa 2, Kisauni 6, Likoni 5, Mvita 1, Nyali 1. Jumla yake ni 20, yaani 2. Sasa nambari kuu: 1+2+0+8+3+3+3 ni 20, nayo ni 2. Zimekubaliana.

Siri ni kwamba 10 ukiigawanya kwa 9 inabaki 1, na 100 inabaki 1, na 1,000 vilevile. Kwa hivyo kila tarakimu, popote ilipokaa, inachangia baki sawa na thamani yake yenyewe. Unapojumlisha tarakimu unatafuta baki ya kugawanya kwa 9, ila hujagawanya chochote.

Sasa uone udhaifu wake. Nilipokuwa kijana nilimsaidia ami yangu kuweka hesabu za duka la viungo kule Marikiti. Jioni moja fedha na daftari vilikataana kwa shilingi 360. Tulihesabu noti mara tatu. Tulifungua hata mfuko wa iliki kuangalia kama kuna noti imeangukia humo. Kumbe mimi nilikuwa nimeandika 5,841 mahali pa 5,481. Tarakimu ni zilezile, nimezipindua tu, kwa hivyo kutupa tisa kunazipa zote mbili jibu moja: 18, yaani 9. Ami akazitazama zile 360, akasema kitu ambacho sijakisahau: "Tofauti ikigawanyika kwa tisa, usihesabu pesa, tafuta tarakimu zilizopinduka." Ni kweli. Ukipindua tarakimu mbili, kosa huwa ni kigawe cha 9 siku zote, na 360 ni 9 mara 40.

Dawa ni jaribio la 11. Anza kulia, tarakimu ya kwanza iongeze, ya pili itoe, ya tatu iongeze, hivyo hivyo mpaka mwisho; unachopata ni baki ya kugawanya kwa 11. Kwa 5,841: 1−4+8−5 ni 0. Kwa 5,481: 1−8+4−5 ni −8, ongeza 11 upate 3. Zimetofautiana, kosa limenaswa. Tarakimu mbili tofauti zilizokaa jirani zikipinduka, jaribio hili halikosei kulibaini.

Kwa nambari yetu: 3−3+3−8+0−2+1 ni −6, yaani 5. Fanya na zile sita, kisha utupe kumi na moja kwenye jumla yake. Ikija 5, endelea.

Hatua ya 3: Milango midogo

Hapa tunatafuta vigawo, yaani nambari zinazoigawanya 1,208,333 bila baki. Ya 2 haimo, kwa sababu inaishia na 3. Ni nambari witiri, si shufwa, na anayeswali witiri usiku hahitaji kuelezwa neno hilo. Ya 5 haimo, haiishii na 0 wala 5. Ya 3 haimo, tarakimu zake zimejumlika 20 na 20 haigawanyiki kwa 3. Ukisha kukosa 3, usihangaike na 6 wala 9.

Sasa 7. Wanafunzi wengi wameambiwa 7 haina njia ya mkato. Inayo, na ni nzuri kuliko zote, kwa sababu inakujibu maswali matatu kwa pigo moja. Inategemea ukweli huu: 7 × 11 × 13 = 1,001. Yaani 1,000 imepungukiwa na 1 tu kuwa kigawe cha zote tatu. Kwa hivyo vile vifungu vya mikato vinafanya kazi kama tarakimu za jaribio la 11. Kutoka kulia, ongeza, toa, ongeza:

333 − 208 + 1 = 126

Badala ya kuhangaika na milioni, ihoji 126. Kwa 11 inabaki 5, ileile tuliyoipata juu, na hilo linanithibitishia sijakosea. Kwa 13 inabaki 9. Kwa 7? 7 × 18 = 126. Haikubaki kitu.

Hapo ndipo darasa huamka. Mwaka jana msichana mmoja wa kidato cha pili alipiga dawati akasema, "Mwalimu, inaingia!" kama aliyeona samaki akivuta mshipi. Sasa gawanya yenyewe:

1,208,333 ÷ 7 = 172,619

Waswahili wa zamani walikuwa na neno lao la saba, fungate, kabla saba ya Kiarabu haijalisukuma pembeni. Leo limesalia harusini, zile siku saba bwana na bibi harusi wanazokaa ndani. Basi nambari ya watu wa Mombasa ni fungate kamili 172,619. Wageuze watu wawe siku, uanze kuhesabu Jumamosi, na baada ya siku 1,208,333 utarudi Jumamosi ileile bila kuzidi wala kupungua.

Hatua ya 4: Mwamba wa 172,619

Hii ndiyo hatua ndefu, na sitakudanganya kwamba ina raha mwanzo hadi mwisho.

Swali ni kama 172,619 inavunjika tena au ni nambari tasa. Tasa ni ile yenye vigawo viwili tu, 1 na yenyewe. Chukua mahamri 12: unaweza kuyapanga kwenye sinia mistari mitatu ya manne, au miwili ya sita. Chukua 13, hayapangiki ila kwa mstari mmoja mrefu. 13 ni tasa, 12 siyo.

Kwanza, unakwenda hadi wapi? Kipeuo cha pili cha 172,619 kiko kati ya 415 na 416, kwa kuwa 415 × 415 ni 172,225 na 416 × 416 ni 173,056. Kama nambari hii ingekuwa zao la mbili, zote mbili haziwezi kupita 415, maana zao lao lingepita 172,619. Kwa hivyo moja lazima iwe 415 au chini. Na huna haja ya kujaribu kila nambari, jaribu tasa peke yake. Zipo 80 chini ya 415. Angalia faida tuliyopata kwa kuanza na 7: tungeishambulia 1,208,333 moja kwa moja tungelazimika kwenda hadi 1,099, kuna tasa 184 huko.

Orodha ya tasa itengeneze mwenyewe kwa chujio la Eratosthenes, yule Mgiriki aliyefanya kazi Aleksandria zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Andika 2 hadi 415, futa vigawe vya 2 ukiiacha 2, vigawe vya 3 ukiiacha 3, kisha vya 5, 7, 11, 13, 17 na 19. Huhitaji kuzidi hapo, kwa sababu 23 × 23 ni 529. Zilizosalia ni tasa zako.

Sasa anza. Ya 2, 3 na 5 zilishakataa mwanzo. Ya 7 ijaribu tena, usiiruke. Kosa ninalolisahihisha kila muhula ni la mwanafunzi aliyeona 7 imeingia mara moja akadhani imekwisha. Vifungu: 619 − 172 = 447. Kwa 7 inabaki 6, kwa 11 inabaki 7, kwa 13 inabaki 5. Zote tatu nje.

Kwa 37 kuna njia ya mkato ya vifungu vilevile, ila safari hii unajumlisha tu, kwa kuwa 37 × 27 = 999. 172 + 619 = 791, na 791 kwa 37 inabaki 14. Nje. Kwa 101 kata vifungu vya tarakimu mbilimbili kisha ongeza na kutoa: 19 − 26 + 17 = 10. Nje.

Zilizobaki ni jasho, na hapa nakuruhusu kalkuleta. Ila usitazame desimali, zinadanganya macho. Chukua sehemu nzima ya jibu, izidishe na ile tasa, toa kwenye 172,619, andika baki. Mfano, 83: kalkuleta inaonyesha 2,079 na ushei. 83 × 2,079 = 172,557. Baki ni 62. Andika, piga mstari, nenda 89.

Baadhi zitakurusha roho. 17 × 10,154 = 172,618, imebaki 1. 137 × 1,260 = 172,620, imezidi 1. 163 inabakisha 2, na 353, ukiwa karibu kabisa na mwisho, nayo inabakisha 2. Nilipoifanya mara ya kwanza nilipofika 137 niliweka kalamu chini nikaenda kunywa kahawa chungu. Lakini baki ya 1 ni sawa na baki ya 136 tu. Haina ukaribu wowote, mlango umefungwa.

Mwisho wa orodha: 401 inabakisha 189, 409 inabakisha 21. Tasa inayofuata ni 419, imepita mpaka. Kwa hivyo 172,619 ni tasa, na

1,208,333 = 7 × 172,619

ndiyo mwisho wa kuivunja. Hakuna njia nyingine, leo wala kesho, ila kubadilisha mpangilio.

Kwa anayeona 80 ni nyingi: kazi hiihii, ikifanywa kwa nambari yenye mamia ya tarakimu, ndiyo inayolinda siri nyingi za intaneti. Mfumo wa RSA wa mwaka 1977 unategemea kwamba kuzidisha tasa mbili kubwa ni rahisi, na kuzitenganisha tena ni balaa. Nambari ya tarakimu 250 iliyoitwa RSA-250 ilivunjwa Februari 2020, kwa kompyuta nyingi zilizofanya kazi pamoja. Sisi tuna tarakimu saba na kikombe cha kahawa.

Hatua ya 5: Vuna

Ukishaivunja, mengi yanakuja yenyewe. Vigawo vyake ni vinne tu: 1, 7, 172,619 na 1,208,333. Ukitaka kuwagawa watu wale wote makundi sawa bila kumbakiza mtu, chaguo lako la maana ni makundi 7, au makundi 172,619 ya watu saba saba. Mabasi ya watu 50 yatabakiza 33 barabarani.

Ukijumlisha vigawo bila yenyewe unapata 172,627, pungufu sana ya 1,208,333. Linganisha na 6, ambayo vigawo vyake 1, 2 na 3 vinaijenga tena yenyewe. Yetu iko mbali na ukamilifu huo, tupite.

Linganisha na Kisauni. 291,930 inaishia na 0, kwa hivyo 2 na 5 zimo. Tarakimu zinajumlika 24, kwa hivyo 3 imo. Jaribu 37: 291 + 930 = 1,221, na 37 × 33 = 1,221, imo! Kinachobaki ni 263, tasa. Kisauni ni 2 × 3 × 5 × 37 × 263, ina vigawo 32. Nambari ndogo mara nne kuliko ya kaunti nzima, na imefunguka pande zote. Ukubwa haukuambii chochote kuhusu vigawo.

Hatua ya 6: Miraba

Tofauti ya miraba miwili ni rahisi. Kila njia ya kuivunja nambari witiri kuwa zao la mbili inakupa tofauti moja: chukua nusu ya jumla yao na nusu ya tofauti yao. Kwa 7 na 172,619 nusu ya jumla ni 86,313, nusu ya tofauti ni 86,306. Kwa hivyo 86,313² − 86,306² = 1,208,333. Njia ya pili, kwa 1 na yenyewe, ni 604,167² − 604,166². Ya tatu haipo.

Jumla ya miraba miwili ndipo penye utamu. Wanafunzi wangu wanajua kipimo kimoja: nambari inayobakisha 3 ukiigawanya kwa 4 haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili. Wanaijaribu 1,208,333, inabakisha 1, wanashangilia wanaanza kutafuta. Nawaacha watafute dakika kumi. Ukatili, najua.

Haiwezekani, na mwenye kuzuia ni 7. Chukua mraba wowote, ugawanye kwa 7, angalia baki: 1 inatoa 1, 4 inatoa 4, 9 inatoa 2, 16 inatoa 2, 25 inatoa 4, 36 inatoa 1, 49 inatoa 0. Baki ni 0, 1, 2 au 4, basi. Sasa chagua mbili zinazojumlika 0 au 7. Moja inahitaji 6, haipo. Mbili inahitaji 5, haipo. Nne inahitaji 3, haipo. Inabaki 0 na 0. Yaani miraba yote miwili lazima igawanyike kwa 7, na mraba ukigawanyika kwa 7 unagawanyika kwa 49. Basi jumla ingegawanyika kwa 49. Lakini tulijaribu 7 mara ya pili hatua ya nne, ikakataa na baki ya 6. Mlango umefungwa. (Ndiyo maana nilisema usiiruke.)

Miraba mitatu je? Inawezekana. Mbinu yangu ni kuteremka kutoka kipeuo. 1,099² ni 1,207,801, inabaki 532, nayo ni 4 × 7 × 19, ina 7 moja, kwa hivyo inakufa kwa sababu ileile. Shuka 1,098²: 1,205,604. Inabaki 2,729. Toa 52², ambayo ni 2,704, inabaki 25. Basi:

1,208,333 = 1,098² + 52² + 5²

Hatua ya 7: Uhusiano wake na nyingine

Kutafuta kigawo kikubwa cha shirika, yaani KKS, hakuhitaji kuvunja nambari yoyote. Njia ya Euclid, Mgiriki mwingine wa kale, ni kugawanya na kubeba baki. Tuichukue Jomvu, 163,415:

1,208,333 kwa 163,415 inabaki 64,428
163,415 kwa 64,428 inabaki 34,559
64,428 kwa 34,559 inabaki 29,869
34,559 kwa 29,869 inabaki 4,690
29,869 kwa 4,690 inabaki 1,729

Simama hapo kidogo. Unapokutana na 1,729 njiani unaisalimia. Hardy, mwanahisabati Mwingereza, alipokwenda kumwona mwenzake Ramanujan wa India hospitalini Putney, London, alimwambia kwamba teksi aliyokuja nayo ilikuwa na nambari 1729, nambari isiyo na lolote. Ramanujan akamjibu kwamba ndiyo ndogo kuliko zote zinazoandikika kwa njia mbili kama jumla ya vipeo vya tatu viwili: 1³ + 12³, na 9³ + 10³. Tangu nimweleze mwanafunzi mmoja habari hiyo, kila akipanda tuktuk husoma nambari zake kwanza, na dereva humuuliza kama ni askari.

Tuendelee. 4,690 kwa 1,729 inabaki 1,232. Kisha 497, kisha 238, kisha 21, kisha 7, na 21 kwa 7 haibaki kitu. KKS ni 7. Kumbe Jomvu nayo ina 7, tena mara mbili: 5 × 7 × 7 × 23 × 29.

Hatua ya 8: Nguo yake ya kompyuta

Hii ni fupi: tunaiandika kwa 0 na 1 peke yake, kama kompyuta inavyofanya. Gawanya kwa 2 tena na tena, ukiandika baki kutoka kulia kwenda kushoto. 1,208,333 inabaki 1, 604,166 inabaki 0, 302,083 inabaki 1, 151,041 inabaki 1. Sasa una 75,520, na hapo patakuchekesha: inagawika nusu kwa nusu mara nane mfululizo bila baki, mpaka 295. Matokeo ni

100100111000000001101

Tarakimu 21, sifuri nane zimejipanga katikati kama mchanga maji yakitoka. Sababu yake: 295 × 4,096 ni 1,208,320, na 13 juu yake.

Kazi ya nyumbani

Jipime na Mvita, 154,171. Nitakuanzishia: 171 − 154 = 17, kwa hivyo 7, 11 na 13 zimekataa kwa pigo moja. Ya 37: 154 + 171 = 325, inabaki 29. Kipeuo chake ni 392 na ushei. Utapita tasa baada ya tasa, 23 itabakisha 2, 59 na 67 zote zitabakisha 4, utafika 100 mikono mitupu na utashawishika kuandika "ni tasa" ukalale. Wanafunzi wangu wengi huandika hivyo. Nenda mpaka 151, kisha niambie umekuta nini upande wa pili.